NAS ya ofisi inabeba watu wangapi? Dhana potofu na ukweli

Ofisi inayonunua NAS kwa mara ya kwanza, yaani kile kifaa chenye diski kinachochomekwa kwenye swichi ya mtandao ili faili za wote zikae mahali pamoja, huuliza kama kitabeba watu wangapi kwa wakati mmoja. Muuzaji hufungua jedwali la sifa, huonyesha namba, na mazungumzo huishia hapo. Dhana nyingi potofu kuhusu vifaa hivi huanzia kwenye namba hiyo.

Ya kwanza ni kuamini kwamba kifaa chenye nafasi ya akaunti 2,000 kinaweza kuhudumia watu 2,000. Akaunti ni majina yanayoweza kusajiliwa ndani ya mfumo, na hazisemi lolote kuhusu kazi. Hata namba ya miunganisho ya wakati mmoja, ambayo kwa kawaida huwa ndogo zaidi, inaonyesha tu mahali ambapo programu itaanza kukataa wageni wapya. Kompyuta iliyofungua folda ya pamoja tangu asubuhi inaweza kuhesabiwa kuwa imeunganishwa hata mwenyewe akiwa ameenda kula, na wakati huo haigharimu kitu zaidi ya kumbukumbu kidogo, kwa kuwa Samba, programu ambayo NAS nyingi huitumia kuzungumza na kompyuta za Windows, humfungulia kila mteja mchakato wake. Kinachochosha kifaa ni kusoma na kuandika. Ni kwa wale wanaogeuza kompyuta ya kawaida ya Windows 10 au 11 kuwa seva ya faili tu ndipo namba iliyoandikwa inapokuwa mpaka halisi: leseni inaruhusu vifaa 20 kuunganishwa kupata faili, basi.

Wapo pia wanaopima uwezo wa kifaa kwa kugawa kasi ya laini, yaani kebo ya mtandao inayokiunganisha na swichi, kwa idadi ya wafanyakazi, kana kwamba wote huvuta faili kwa sekunde ileile. Laini ya gigabiti 1 hubeba megabaiti 125 kwa sekunde kinadharia, na kwa vitendo kati ya 110 na 118. Mtu mmoja akivuta faili ya megabaiti 300 ataipata kwa sekunde tatu hivi. Watu 20 wakivuta faili za ukubwa huo kwa pamoja, kila mmoja atasubiri karibu dakika nzima. Hata hivyo, wahasibu wanaofungua majedwali ya kilobaiti mia kadhaa na kuyahifadhi kila baada ya dakika chache hawafanyi hivyo, na 30 au 40 kati yao hawataihangaisha laini hiyo. Kwa wahariri wa video mambo ni tofauti kabisa, kwani video ya 4K katika mfumo wa ProRes 422 HQ, kwa picha 24 kila sekunde, hudai takriban megabiti 700 kwa sekunde, kati ya 1,000 za laini hiyo. Mhariri wa kwanza hujaza sehemu kubwa ya laini na wa pili huona video ikikwama. Kifaa kilekile kinatosha wahasibu 40 na hakitoshi wahariri wawili.

Dhana inayodanganya zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayosema kwamba diski inayosoma megabaiti 200 kwa sekunde ina kasi kuliko laini, na kwa hiyo haiwezi kuwa kikwazo. Kasi hiyo hupatikana diski inaposoma faili moja kubwa kwa mfululizo. Watu wengi wanapofanya kazi pamoja, kila mmoja anahitaji kipande kilicho mahali pengine, na diski hubaki kama mtunza stoo mmoja anayeitwa kutoka pembe zote za ghala. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, hivyo kusubiri nusu mzunguko huchukua wastani wa milisekunde 4. Kusogeza kichwa cha kusomea huchukua 8 hivi nyingine. Jumla yake inaruhusu maombi takriban 80 tu kwa sekunde, na kila ombi likiwa la kilobaiti 64, diski nzima inatoa megabaiti 5, ambazo hazifiki hata sehemu ya ishirini ya uwezo wa laini.

Kuongeza diski husaidia kusoma, lakini katika RAID 5, mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili data ibaki hata moja ikifa, uandishi mdogo mmoja hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (hesabu inayotumika kurejesha data ya diski iliyokufa), kisha kuandika zote mbili upya. Diski nne zenye uwezo wa maombi 320 ya kusoma hurudi kwenye maombi 80 ya kuandika kwa sekunde, sawa na diski moja. Kumbukumbu ya kifaa hulainisha makali hayo kwa kukusanya maombi ya kuandika kabla ya kuyapeleka kwenye diski, ila programu za hifadhidata mara nyingi hazikubali kuendelea mpaka data iwe imefika kwenye diski yenyewe. Kwa ofisi yenye kazi ya namna hiyo, SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ina faida kubwa kuliko laini ya gigabiti 10.

Kuhusu kuunganisha kebo mbili kuwa laini moja, jambo lenyewe ni fupi. Mpango huo huwapanga watumiaji kwenye kebo kwa anwani zao, kwa hiyo mtu mmoja habaki na kasi maradufu, na huweza kutokea kwamba wawili wenye kazi nzito wakapangiwa kebo moja huku ya pili ikikaa bure. Swichi nayo lazima iukubali mpango huo.

Mwisho, wengi hupima kifaa kikiwa kipya na kitupu. Diski moja ikifa na nyingine ikawekwa, NAS hujenga upya RAID kwa saa nyingi, pengine siku, huku ikiendelea kuwahudumia watu kwa nguvu iliyobaki; nakala za akiba na ukaguzi wa virusi hula sehemu hiyohiyo. Kazi zinazoweza kupangwa zipelekwe usiku, na kipimo kifanywe saa ambazo ofisi ina shughuli nyingi, kwa kuangalia muda ambao maombi husubiri kwenye diski pamoja na asilimia ya laini inayotumika.