Yaliyopita Si Ndwele? Wapi!

Kwenye kikao cha ukoo, baada ya msiba, hata sebuleni kwa shangazi, kauli ni ile ile: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa ugomvi wa mawifi, sawa. Kwa mtu aliyelelewa kwa kipigo, kama mimi, ndwele yenyewe ni hayo yaliyopita. Na si kauli hiyo tu, zipo na nyingine.

"Mtoto hajui kitu, atasahau."

Kichwa huenda kikasahau, mwili hausahau. Baba aliporudi usiku tulijua hali yake kwa mlio wa komeo la geti. Likisogezwa taratibu, tulilala. Likibamizwa, mimi na mdogo wangu tulijifanya tumelala, tumebana pumzi. Leo nina miaka 41 na geti langu mwenyewe, lakini jirani akibamiza lake bado nabana pumzi.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, na wenzao, walichapisha utafiti uliofanyika San Diego, Marekani. Watu wazima waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni, kama kupigwa, kudhalilishwa au kuishi na mlevi, walikuwa na hatari ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ulevi na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko ambao hawakupitia lolote. Hiyo ni hatari, si hukumu. Wapo wengi waliopigwa wasiugue.

"Mbona mdogo wako yuko sawa?"

Hili liliniuma kuliko yote, kwa sababu na mimi nilijiuliza. Jibu lilikuwa wazi muda wote: mdogo wangu alichukuliwa na bibi akiwa na miaka 6. Mtu mzima mmoja tu anayemjali mtoto ni kinga kubwa. Mimi nilibaki.

"Mwenye sonona hulia na kujifungia ndani."

Kazini mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji. Nikirudi nyumbani nakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, nusu saa nzima nashindwa kuvua cha pili. Kwa wengine, hasa wanaume, sonona hutokea kama hasira au pombe. Wengine huzunguka hospitali na kichwa au tumbo ambalo kila kipimo kinasema ni zima.

"Vidonge ni vya vichaa, na utageuka teja."

Dawa za sonona, kama fluoksetini, hazileti uteja. Tatizo lake ni uvivu: huchukua wiki 2 hadi 4 kabla hujaona nafuu, na wengi huzitupa wiki ya kwanza. Ukipata nafuu usiziache ghafla, daktari ndiye anayezipunguza. Sonona nyepesi mara nyingi haihitaji vidonge kabisa. Ila mawazo ya kujiua yakikujia, hilo si la kusubiri miadi: mwambie mtu leo, akufikishe hospitali.

"Kukaa na kuongea ni mambo ya Wazungu."

Waulize wa Rakai na Masaka, Uganda. Katika vijiji 30 watu wenye sonona waligawanywa: vijiji vingine vikawa na vikundi vya kukutana na kuongea kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa, wala si madaktari. Matokeo yalichapishwa 2003. Vikundini waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, kwingine asilimia 54.7. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, pia, watu wa kawaida waliofunzwa wamewahudumia watoto yatima wenye kiwewe cha kufiwa.

"Samehe, utapona."

Aliyesamehe na asamehe, simzuii mtu. Ila mshauri wangu hakuniomba hilo hata siku moja. Aliniuliza nafanya nini geti likibamizwa, tukaanzia hapo: kutoa pumzi, kutazama chumba, kujikumbusha ni mwaka gani. Nilipata nafuu, ikanirudia, nikapata tena.

Baba sasa ni mzee, huja kututembelea Jumapili. Nilimwomba apige hodi kwa sauti kabla ya kugusa komeo. Hakuuliza sababu. Anapiga.