Sukari ya Kuzishughulisha Selektini

Nikitaja kwamba mimi ni mkemia wa sukari, watu huwaza chai au kisukari. Sukari ninazozisoma zimeota juu ya seli zetu, na kwa hizo seli hutambuana.

Chembe nyeupe inasombwa na damu kwa kasi. Itajuaje pa kushukia? Sehemu ya mwili ikiumia, ukuta wa mshipa wa jirani hutoa protini ziitwazo selektini. Hizo hudaka sukari nne zilizoungana kwenye chembe nyeupe, asidi ya siali na fukosi zikiwemo. Mshiko ni mlegevu, kwa hiyo chembe hubiringika polepole ukutani hadi ipate ishara ya kusimama na kupenya. Bila hatua hiyo kinga haifiki kwenye kidonda.

Kwa mwenye selimundu, hatua hiyo hiyo ndiyo balaa. Chembe nyeupe zilizonata hunasa chembe nyekundu zilizopinda, mshipa mwembamba unaziba, maumivu yanaanza. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huu, ndiyo maana siwezi kuusoma kama kemia tu.

Je, tukizipa selektini sukari nyingine ya kushika? Ile ya asili haifai: inashikwa kwa udhaifu mno na vimeng'enya huikata. Katika dawa ya rivipansel, wakemia walibakiza fukosi, mahali pengine wakaweka pete za kaboni ambazo vimeng'enya havizitambui, kisha wakaongeza kipande chenye salfa ili ishike aina zote tatu za selektini. Naiona kazi hiyo kuwa nzuri mno.

Jaribio la wagonjwa 76, lililochapishwa 2015, lilitia moyo: waliopewa dawa walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Jaribio kubwa la watu 345 likashindwa mwaka 2019. Wengi waliishia hapo. Lakini takwimu zilipopekuliwa upya, waliopewa dawa ndani ya saa 26 hivi tangu maumivu yaanze walionekana kupata nafuu mapema. Upekuzi wa baadaye hautoshi kuwa ushahidi, ila kibiolojia unaniingia akilini. Selektini hufanya kazi mwanzoni; mshipa ukishaziba na nyama ikikosa hewa, kuzizuia ni kuchelewa.

Sasa, nani hufika hospitali ndani ya saa hizo? Rivipansel ni ya dripu. Mama anayetoka kijijini na mtoto mgongoni huanzia zahanati, hungoja usafiri, hufika wodini siku ya pili. Dawa nyingine ya ukoo wa rivipansel, iitwayo GMI-1687, ilibuniwa idungwe chini ya ngozi. Sindano ya namna hiyo muuguzi wa zahanati anaweza kuichoma mtoto akiwa bado mgongoni.