Haki ya umma kufika bwawani: maana yake na wakati wa kuidai

Mradi wa bwawa ukitangazwa huku Nyanda za Juu Kusini, mkutano wa kijiji huzungumzia fidia, kisha maji ya bomba au ya umwagiliaji, na umeme kama upo. Nadra mtu kusimama na kuuliza: bwawa likishajaa, sisi tutafikaje pale kando ya maji kupumzika? Nani ataruhusiwa kuketi na ndoana, kupiga makasia, au kutembea na watoto Jumapili jioni?

Swali hilo ndilo kiini cha dhana hii. Haki ya umma kufika bwawani kwa mapumziko maana yake ni kwamba, tangu kwenye michoro, mradi unatenga njia na maeneo ambayo mwananchi yeyote anaweza kuyatumia bila kuwa mfanyakazi wa mradi, mvuvi mwenye leseni wala mgeni wa hoteli. Haimaanishi kila mtu afanye atakalo. Ukuta wenyewe, mitambo na sehemu ya kutolea maji ya ziada hubaki na ulinzi, na ni sawa kabisa iwe hivyo.

Chukulia Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Bwawa lile lilijengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na mwaka 1988 likapata mitambo yake ya megawati 80. Barabara ya Iringa kwenda Dodoma inapita hapohapo. Basi likisimama, wauzaji wanakuja madirishani na samaki wa kukaanga, abiria wananunua, safari inaendelea. Wengi wetu tunalifahamu ziwa kubwa kiasi kile kwa kulitazama kupitia kioo cha gari tu.

Tena Mtera inafundisha jambo la kiufundi ambalo wadai wa haki hii wakilisahau wanaharibu hoja yao. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5 za kimo, na penye ardhi tambarare maji hurudi nyuma mbali sana, yakiacha tope. Gati la mbao lililojengwa Mei, mwezi wa maji mengi, Novemba litakuwa limesimama nchi kavu. Kwa hiyo omba mteremko wa zege unaoshuka hadi kwenye kiwango cha chini cha maji, na uombe uwekwe upande ambao ukingo ni mkali, ambako maji hayakimbii mbali.

Wapo watakaojibu kwamba sheria imekataza. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Mashamba na nyumba vimo. Lakini kupita kwa miguu kwenye njia iliyopangwa, au kuketi na ndoana, sioni vinavyoingia humo. Na ardhi ya bwawa mara nyingi hutwaliwa kwa sababu ya manufaa ya umma. Basi ni haki umma huohuo ubakiziwe pa kukanyaga.

Marekani waliliweka jambo hili kwenye sheria mwaka 1965: miradi ya maji ya serikali kuu inapopangwa, mapumziko ya watu na ustawi wa samaki na wanyamapori lazima vizingatiwe pamoja na umwagiliaji, umeme na udhibiti wa mafuriko. Uingereza, Rutland Water ni bwawa la maji ya kunywa, na bado watu huvua, huendesha baiskeli kando yake na kusafiri kwa mashua za tanga.

Pingamizi lenye uzito ni la afya. Maji yaliyotulia yenye magugu ni makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko. Kwa hiyo kuogelea kusiruhusiwe kila mahali, na kwenye bwawa la maji ya kunywa naona kukatazwe kabisa. Ila kufunga eneo lote hakuzuii vijana kuoga. Kunawasukuma waingie kwa kificho, penye hatari zaidi. Mahali palipopangwa panaweza kufyekwa magugu na kuwekewa bango. Muhimu kuliko vyote ni choo, kwa sababu mayai ya kichocho hufika majini kwa mkojo na kinyesi cha watu. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kujengwa, ningechagua choo.

Wakati wa kudai ni kabla ya ukuta kuanza, kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, hasa zinapoandaliwa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo ambayo tathmini hiyo itayachunguza. Wataalamu wakifika kukusanya maoni, hoja iingie kwenye muhtasari wa mkutano, kisha barua ya serikali ya kijiji iende NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya, na kwa bodi ya maji ya bonde: ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya. Bwawa la Lugoda kwenye Mto Ndembera, Mufindi, limekuwa kwenye mipango kwa miaka mingi, likitarajiwa kusaidia Ruaha Mkuu ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi. Miradi ya namna hiyo ndiyo ya kuwahi.

Barua iwe na ramani ya mkono inayoonyesha njia inapoanzia na mahali pa choo. Itaje pia nani atakisafisha na kwa fedha za fungu lipi, na iombe hayo yote yaandikwe kama masharti ya cheti cha mazingira, ambayo mwenye mradi atapaswa kuyatekeleza.