Pichi ya cheni ya katapila ni nini, na kwa nini uipime kabla ya kununua spea

Ukifika Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta spea za katapila, muuzaji atakuuliza mashine ni ya aina gani, kisha atakuuliza unataka nini: cheni inayotembeza mashine, sproketi (gurudumu lenye meno linaloivuta cheni), rola (zinazobeba uzito wa mashine juu ya cheni) au aidla (gurudumu la mbele lisilo na meno). Mara nyingi hakuna anayeuliza pichi ya cheni uliyoiacha saiti imefika ngapi. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama spea unayolipia itadumu au itakufa kabla ya wakati wake.

Pichi ni umbali kutoka katikati ya pini moja ya cheni hadi katikati ya pini inayofuata. Cheni imeundwa kwa linki, yaani pingili za chuma, na kila mahali pingili mbili zinapokutana kuna pini iliyopitishwa ndani ya bushi, yaani bomba fupi la chuma. Meno ya sproketi hayashiki linki, yanashika bushi. Kwa hiyo kiwandani meno huchongwa yaendane na pichi ya cheni yake. Eksikaveta nyingi za tani 20, hizi tunazoziona kila siku zikichimba misingi ya maghorofa Kilimani na Westlands, zina pichi ya milimita 190, linki 45 au 49 kila upande kulingana na urefu wa chasi, na sproketi ya meno 21. Buldoza nyingi za ukubwa wa D6, kwa majina ya Caterpillar, zina pichi ya milimita 203 hivi, na za D8 ni 216.

Hiyo idadi ya meno 21 haikuwekwa kwa bahati. Bushi hukaa kwa kuruka jino moja, na kwa kuwa idadi ni witiri, mzunguko mmoja bushi hukalia meno haya na mzunguko unaofuata hukalia yale mengine. Kila jino linapata kupumzika. Ni ubunifu mdogo, lakini hunifurahisha kila nikiitazama sproketi mpya.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Watu husema cheni imevutika, na ukiitazama ikining'inia utaamini kweli imevutika kama mpira. Linki haijarefuka hata chembe. Kilicholika ni pini na bushi. Kila cheni inapojikunja kwenye sproketi au kwenye aidla, pini hugeuka ndani ya bushi huku ikivutwa kwa nguvu, na inasugua upande uleule mmoja siku zote. Vumbi la mawe likipenya humo, au tope la udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau lenye mchanga ndani yake, linafanya kazi ya msasa. Pini inalika upande mmoja, tundu la bushi linapanuka upande mmoja, na pingili mbili zinaachana kidogo. Kila kiungo kikiongeza milimita 2 tu, cheni ya linki 49 imeongezeka milimita 98. Karibu sentimita 10, na hakuna chuma kilichorefuka.

Buldoza nyingi kubwa za leo zina cheni zenye oili iliyofungiwa kati ya pini na bushi. Hizo pichi yake hukaa sawa kwa muda mrefu, na kinacholika kwanza ni bushi kwa nje, pale jino linapoishika. Lakini sili inayozuia oili isitoke ikifa na oili ikatoka, kiungo hicho kinageuka kikavu na kuanza kulika kwa ndani kama vile vya zamani. Ukiona pini moja ina joto kali na vumbi jekundu la kutu baada ya kazi, ilhali jirani zake ni za kawaida, hicho ndicho kiungo kilichokauka.

Hapa ndipo wengi tunapopotea, na mimi nilipotea. Cheni ikilegea, fundi anaongeza grisi kwenye silinda ya aidla, aidla inasogea mbele, cheni inakaza. Baada ya miezi aidla inafika mwisho wa safari yake. Hapo mtu anatoa wazo: "Bosi, tukate linki moja." Linki inakatwa, cheni inakaza, kazi inaendelea. Tulifanya hivyo kwenye eksikaveta yetu saiti moja ya Syokimau, tena kwa kuwa meno yalikuwa yamechongoka kama mapezi ya papa, tukafunga sproketi mpya juu ya cheni ileile. Ndani ya majuma machache meno mapya yalikuwa yameanza kulika ncha, na cheni ilikuwa ikiruka na kupiga mlio mashine ikikata kona.

Kukata linki kunapunguza urefu wa cheni. Pichi hakuigusi. Zile linki 48 zilizobaki bado zimeachana zaidi ya zilivyotoka kiwandani, na sproketi mpya imechongwa kwa pichi ya kiwandani. Bushi haikai tena chini kati ya meno, inapanda mgongo wa jino na kukwaruza kuelekea nchani. Spea mpya inachongwa na ile kuukuu hadi zifanane ubovu. Vivyo hivyo cheni mpya ukiifunga kwenye sproketi iliyokwisha. Ndiyo maana mafundi wazoefu hununua cheni na sproketi pamoja, na ndiyo maana siungi mkono kununua sproketi peke yake isipokuwa kipimo cha cheni kimeonyesha bado ni nzima.

Kupima si kazi ngumu. Osha cheni kwanza, maana tope lililokauka linaficha kila kitu. Weka pini kuukuu au kipande cha chuma kati ya jino na bushi kwenye sproketi, kisha opereta aisogeze mashine pole pole hadi cheni ya juu ivutike na kunyooka bila kulegea, azime injini. Chagua sehemu isiyo na masta pini, yaani ile pini ya kufungulia cheni, kwa sababu kiungo hicho hakilingani na vingine. Tia chaki kwenye ukingo wa pini moja, hesabu linki nne, tia chaki kwenye ukingo uleule wa pini ya tano, kisha nyoosha tepu ya chuma. Cheni ya 190 iliyo mpya itakupa 760. Ukisoma 772, kila linki imeongezeka milimita 3. Rudia sehemu nyingine, halafu upande wa pili wa mashine, kwa maana opereta anayekata kona upande mmoja kila siku huula upande huo zaidi. Kitabu cha mashine kina kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa. Linganisha nacho, usilinganishe na jicho.

Kama kipimo kimeongezeka lakini bado hakijafika mwisho, kuna njia nyingine ambayo Nairobi hatuitumii vya kutosha: kugeuza pini na bushi. Zinatolewa kwa presi, zinageuzwa nusu mzunguko ili upande ambao haujalika uchukue kazi, na pichi inarudi karibu na mwanzo. Ila bushi ina ganda gumu lililopikwa kwa moto, na ndani yake chuma ni laini. Ukishalipita ganda hilo, kugeuza hakutakusaidia, bushi itapasuka. Kwa hiyo ni kazi ya kufanywa mapema, wakati mashine bado inaonekana haina tatizo, na huo ndio wakati ambao mwenye mashine hataki kusikia habari ya kuisimamisha.

Rola hazina pichi, kwa hiyo unaweza kubadilisha moja moja iliyovuja. Angalia kimo tu: rola mpya iliyo kubwa kuliko jirani zake waliolika itabeba uzito wote peke yake. Nazo rola za buldoza zenye ukingo mmoja na zenye ukingo mara mbili zina mpangilio wake. Ya karibu na sproketi huwa ni ya ukingo mmoja.

Kuhusu pleti, vile vibao vya chuma vya cheni vinavyokanyaga ardhi, chukua nyembamba kadiri udongo unavyoruhusu. Pleti pana inaelea vizuri kwenye tope la masika, lakini kwenye mwamba wa Nairobi inakanyaga jiwe kwa ncha moja na kuipinda pini kila hatua. Cheni ikaze kiasi, isikazwe kama waya wa gitaa. Na ukilegeza valvu ya grisi ya silinda ya aidla, izungushe taratibu bila kuitoa yote, na usikae mbele yake. Grisi iliyo humo ina presha ya kuua mtu.

Dukani usiende na jina la mashine pekee. Mashine nyingi zilifika Mombasa zikiwa zimetumika Japani au Uingereza, na huenda mwenye nazo wa kwanza alibadilisha cheni. Nenda na namba ya chasi, idadi ya linki ulizozihesabu kwa mkono, pichi, kipenyo cha bushi kwa nje, idadi ya meno na matundu ya bolti ya sproketi, na umbali kati ya matundu ya bolti za pleti. Pima spea kaunta kabla haijapakiwa. Matundu yakikataa kulingana hata kwa milimita 2, cheni hiyo ibaki pale pale ikiwa bado na rangi yake.