Tozo ya miamala: hotuba ni ya kusikiliza, jedwali ni la kusoma

Ukitumiwa pesa na ndugu aliye mjini, kwanza unaangalia kama ameweka na ya kutolea. Asipoweka, ile Sh20,000 ya dawa haitafika nzima mkononi. Mazoea haya ni ya zamani kuliko tozo, maana makato ya kampuni za simu yapo tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Julai 15, 2021 serikali nayo ikaongeza tozo yake ya miamala juu ya hayo.

Kazi yangu ni kuandika habari za sera ya teknolojia, na mtu akiniuliza sera inaingiaje jikoni kwake, huwa namrudisha kwenye tozo ile. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2021 ilitajwa kama Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi. Ikisemwa hivyo haimtishi mtu. Kisha Sheria ya Fedha ikaiingiza kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na kanuni zikatoka na jedwali la viwango. Hapo ndipo watu walipopiga kelele, kwa sababu jedwali linakuonyesha safu yako.

Ubaya wenyewe haukuwa kwenye kiwango tu. Kodi ya mapato inamfuata anayepata, ila tozo hii ilipoanza ilifuata pesa kila iliposogea. Mama akimtumia mwanawe aliye chuoni, alikatwa. Mwana akienda kwa wakala kutoa, alikatwa. Akimtumia mwenzake sehemu ya kodi ya chumba, alikatwa tena, na mwenzake akitoa, hali ilikuwa ileile. Pesa ilikuwa moja, tena huenda ilitoka kwenye mshahara ambao kodi yake ilishakatwa kazini.

Watu hawakukaa kimya wakasubiri. Wengine walirudi kwa makondakta wa mabasi na bahasha zao. Wengine walikwenda kwa wakala na kumwomba aweke pesa moja kwa moja kwenye namba ya mpokeaji, kwa kuwa kuweka hakuna makato. Ujanja wa siku nyingi ambao kampuni za simu hazijawahi kuupenda. Kampuni hizo zilikiri zenyewe kwamba matumizi yalishuka.

Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza viwango viangaliwe upya, na Septemba mwaka huohuo vikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi Sh4,000, lakini safari hii miamala ya benki nayo ikaingizwa. Wafanyakazi, ambao mishahara yao hupitia benki, ndio waliochachamaa zaidi, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Kuanzia Oktoba 1, 2022 kiwango cha juu kikawa Sh2,000, tozo ya kuhamisha pesa kati ya benki na simu ikafutwa, na kutoa kwa wakala wa benki au kwenye ATM kiasi kisichozidi Sh30,000 kukasamehewa. Bajeti ya 2023/24 ikaondoa tozo ya kutuma, ikabaki ya kutoa.

Uganda walishapita njia hiyo. Julai 2018 walianza na asilimia 1 kwa miamala ya simu, na kabla mwaka haujaisha wakashuka hadi asilimia 0.5 kwa kutoa peke yake. Mfano ulikuwa jirani kabisa, na bado tulichukua miaka miwili kufika palepale.

Kutoza kutoa peke yake ni nafuu, ila si nafuu sawa kwa wote. Wa Kariakoo anaweza kulipia mchele, nauli ya bodaboda na umeme wa luku kwa simu bila kugusa noti. Wa kijijini, ambako muuza dagaa hana lipa namba ya kupokelea malipo kwa simu, lazima atoe. Kwa hiyo Juni ikifika na bajeti ikasomwa, mimi hungoja kanuni zitoke, kisha naangalia mambo mawili: ni hatua ipi ya pesa inayokatwa, na je, anayekatwa ana njia nyingine ya kulipa?