Ugonjwa wa kiwele: virusi huharibu mlango, bakteria huingia

Ugonjwa wa kiwele, ambao madaktari wa mifugo huuita mastaitisi, ni kuvimba kwa sehemu ya ndani inayotengeneza maziwa. Mara nyingi unaletwa na bakteria waliopanda kupitia tundu la chuchu. Ni nadra virusi kuuanzisha vyenyewe. Ndui ya ng'ombe, ugonjwa wa miguu na midomo na ule wa mapele ngozi huweza kuacha vidonda kwenye chuchu. Kidonda kikiwa kwenye ncha, tundu halifungi vizuri. Tena ng'ombe anaumia, anapiga teke, anaachwa na maziwa ndani. Antibayotiki haiui virusi. Ikitumika hapo, ni kwa ajili ya bakteria waliofuata nyuma.

Bakteria wenyewe wana njia mbili. Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae huhama na mikono ya mkamuaji, na kile kitambaa kimoja cha kufutia ng'ombe wote. E. coli na Klebsiella hutoka kwenye kinyesi na malalo. Masika yakikolea, banda la Buhongwa au Kisesa, mkoani Mwanza, lisilo na mfereji huwa tope tupu. Vumbi la mbao lililolowa hulea Klebsiella. Mchanga mkavu ni bora, na kandokando ya ziwa hauko mbali. E. coli akishika, maziwa huwa kama maji na ng'ombe anaweza kulala chini ndani ya saa chache: daktari aitwe siku hiyohiyo.

Kiwele kinaweza pia kuugua huku maziwa yakionekana safi, na hapo ndipo wengi hupoteza lita bila kujua. Tumia kibao chenye vikombe vinne. Mwaga michirizi ya kwanza, kamua kila chuchu kikombe chake, kama mililita 2, ongeza dawa ya kupimia kiasi kilekile, zungusha sekunde 10. Yakivuta kama mlenda, robo hiyo, yaani sehemu ya kiwele yenye chuchu hiyo, inaumwa.

Baada ya kukamua, chovya chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha mpe majani mara moja asimame kama nusu saa, maana tundu bado liko wazi. Akitibiwa, maziwa ya robo zote nne hayauzwi hadi ziishe siku zilizoandikwa kwenye dawa. Staphylococcus aureus hujificha ndani ya makovu. Robo iliyotibiwa ikarudia tena na tena, ng'ombe huyo akamuliwe wa mwisho, na siku ya kupunguza kundi aanze yeye.