Mgeni Aliyekuja na Mwiko Wake

Juzi tena, hapa Kisumu, nimekaa nyuma ya darasa nikamsikia mwanafunzi hodari akitamka: "Virusi hana kimeng'enya chake, huazima kila kitu." Mwaka huu nimeyameza maneno hayo mara tatu. Ya nne yamenikaba.

Kwa kazi ya kunakili jeni tu, msemo huo unamfaa T4, faji, yaani virusi anayeshambulia bakteria. Faji huyo huiteka RNA polimeresi ya bakteria, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, na kuigeuza imtumikie yeye. Faji mwingine, T7, ana yake, protini moja tu, lakini jeni yake husomwa kwanza na polimeresi ya mwenyeji, yaani bakteria aliyevamiwa. Watu wakifika hapo hufunga daftari.

Hawajamfikia phiKZ, faji jitu wa bakteria Pseudomonas, mwenye DNA ya jozi za besi kama 280,000. Huyu ana polimeresi mbili. Moja husafiri kichwani mwake, ikadungwa ndani ya seli pamoja na DNA na kuanza kunakili jeni za mwanzo papo hapo. Nyingine huundwa humo ndani, nayo hushughulikia jeni za mwisho. Ushahidi ni rifampisini, ile dawa ya TB inayotia mkojo rangi ya chungwa. Huziba polimeresi ya bakteria. Itie kwenye tyubu, dozi nzito maana Pseudomonas ni mkaidi, kisha utie faji. Vidole vyako vitashinda na rangi hiyo hadi jioni, na phiKZ atazaana vilevile. T4 akipewa rifampisini ndani ya E. koli, bakteria wake, kimya.

Sasa usiniruke kwa kusema basi hamhitaji mwenyeji! Kosa hili la pili huniudhi kuliko la kwanza. Kaja na mwiko wake, sawa. Unga na jiko ni vya mwenye nyumba. Nyukleotidi ni za bakteria, nishati ni ya bakteria, na bila ribosomu za bakteria, mitambo ya kuunda protini, nakala zote hizo hazitoi protini hata moja.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Polimeresi ya bakteria ni ya vipande kadhaa vya protini, alfa, beta na omega vikiwamo, nayo huanza kujengwa alfa mbili zikishikana. Za phiKZ hazina alfa, hazina omega, na beta zake zimekatwa vipande. Vitabuni alfa huchorwa kama msingi wa nyumba. Hii basi imesimama juu ya nini? Nina dhana yangu, ila hubadilika kila baada ya chai.

Mwanafunzi yule nimemwambia arudi Jumatatu tupime faji wote wawili, T4 na phiKZ. Aje na glavu.